Paka anaharisha baada ya kubadilishiwa chakula

Dada wa Umoja, umesema paka wako anaharisha tangu umhamishie chakula kikavu kipya wiki jana, na sasa unauliza ununue kipi kingine. Kwani ulimbadilishia siku moja tu? Tumbo la paka halipendi mambo ya ghafla. Changanya robo ya kipya na robo tatu za kile cha zamani, kisha uongeze polepole kwa siku 7 hadi 10.

Ukienda dukani, geuza mfuko usome nyuma. Cha kwanza kwenye orodha kiwe nyama yenye jina, kuku au samaki, si mahindi. Afadhali nyama ya aina moja, ili ikimkataa ujue ni ipi. Kile cha kupimiwa kutoka gunia lililo wazi mimi nilikiacha: wangu alitapika punje nzima nzima kwenye zulia, na nilipokinusa kilinuka mafuta yaliyochacha.

Maziwa acha kabisa, hata akulilie vipi. Paka wengi wakubwa hawawezi kuyeyusha sukari yake. Maji ndiyo yasikosekane. Halafu, dawa ya minyoo alipewa lini? Akitoa damu, au akikaa siku nzima bila kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo.