Kabla hujatupa pH mita, ikague kwanza chupa ya bafa

Juzi nimemkuta kijana wetu mmoja kasimama kando ya tangi la virutubisho vya mimea tunayokuza kwenye maji bila udongo, pH mita (kifaa cha kupima ukali wa asidi majini) mkononi, anaifuta balbu ya kioo kwa pindo la fulana yake kama mtu anayefuta miwani. Alipomaliza akaitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya distili, akasema anaiacha ipumzike. Mwenzake pembeni alikuwa anairudisha bafa ya 7, yale maji yenye pH inayojulikana ya kurekebishia mita, chupani, kwa uangalifu mkubwa, tone lisimwagike. Wote wawili ni wachapakazi na nawapenda. Wote wawili nilitamani kuwapokonya vile vifaa palepale. Nilijizuia, kwa sababu yote niliyoyaona pale nimewahi kuyafanya mwenyewe, na moja kati ya hayo liliniumiza sana. Basi wadogo zangu, kaeni niwaambie.

1. Probu, ile fimbo ya kupimia yenye balbu, hailali kwenye maji ya distili, hata usiku mmoja. Ile balbu inasoma kwa sababu uso wake umelowa na kushika ioni, na ndani ya probu kuna jeli au maji ya kloridi ya potasiamu. Ukiiweka kwenye maji yasiyo na kitu, chumvi ya ndani inatoka kwenda nje kupitia jankisheni, kile kitundu kidogo kinachounganisha ndani na nje, na kesho yake unapata probu nzito inayotafuta namba dakika nzima. Maji ya RO, yaliyochujwa chumvi zake, ni yaleyale. Probu inakaa kwenye maji yake ya kuhifadhia, KCl (ndiyo hiyo kloridi ya potasiamu) ya molari 3, matone machache ndani ya kofia yanatosha. Yakikuishia, bafa ya 4 itakusitiri siku mbili tatu. Ikikauka, usiitupe: iloweke kwenye KCl usiku kucha, ndipo uihukumu. Na ule unga mweupe unaoganda kwenye kofia ni chumvi tu, suuza uendelee na kazi.

2. Balbu haifutwi. Suuza, kung'uta, gusisha tishu kwenye tone lililobaki. Ukiisugua unaitia chaji ya umeme tuli na namba inaanza kuyumba, halafu unaanza kuisingizia betri.

3. Bafa iliyokwisha kumiminwa hairudi chupani.

Hapa nitakaa kidogo.

Mita yangu ya kwanza ilikuwa ya kukalibreti, yaani kuirekebisha isome sawa na bafa, kwa bisibisi. Ina skrubu ndogo mgongoni: unatumbukiza probu kwenye bafa ya 7, unazungusha mpaka isome 7.0, basi. Bafa ya 4 nilikuwa nayo lakini sikuifungua. Niliona nukta moja inatosha, na asubuhi nina mambo mengi. Nilikuwa na kikombe kimoja kidogo cha plastiki, na kikombe hichohicho ndicho nilichokuwa napimia asidi ya fosforiki ya kushushia pH. Nasuuza harakaharaka, namimina bafa, nakalibreti, narudisha bafa chupani. Bafa ni ya thamani, nilijiambia, ya nini kuimwaga wakati bado ni safi kwa macho?

Asidi ile ni kali. Tone moja lililobaki kwenye kona ya kikombe linatosha kuanza kuisogeza chupa ya mililita 250, na mimi nilikuwa naipa tone lake kila wiki. Bafa ikawa inashuka polepole. Chupa imeandikwa 7.00, ndani yake mna 6.8, halafu 6.5, halafu 6.1. Mimi kila Jumatatu nazungusha skrubu mpaka mita ikubali kwamba 6.1 ni 7.0. Ishara ilikuwepo: kila wiki nilikuwa nazungusha upande uleule. Skrubu haikurudi upande wa pili hata mara moja. Nililiona hilo, mkono wangu ulilijua kabisa, nikajipa jibu kwamba probu inazeeka.

Sasa hesabuni wenyewe. Mita inasoma juu kwa 0.9. Naangalia tangi, inaniambia 6.7, naongeza asidi mpaka isome 5.8. Kumbe tangi limeshuka hadi 4.9. Tofauti ya 0.9 si kitu kidogo, kwa sababu pH ikishuka namba nzima moja, asidi inaongezeka mara kumi: ilikuwa asidi karibu mara nane ya ile niliyodhani ninayo. Saladi zikaanza kudumaa. Majani machanga yakaungua pembeni. Niliponyanyua mche mmoja kwenye mfereji, mizizi iliyokuwa myeupe ilikuwa ya kahawia, na ncha zimekuwa fupi na butu kama zimekatwa. Nikasema ni upungufu wa kalisi. Nikaongeza kalisi naitreti. EC, kipimo cha chumvi zilizomo majini, ikapanda, mimea ikazidi kuteseka. Nikamwaga tangi zima, nikachanganya upya, nikashusha pH kwa mita ileile mpaka 5.8 ileile ya uongo.

Linaloniuma hadi leo linafuata. Niliamua mita imekufa, nikanunua mpya. Nimeitoa kwenye boksi, nimeilowesha, nikaitumbukiza kwenye bafa yangu ya 7. Ikasoma 6.1. Ilikuwa inaniambia ukweli, neno la kwanza kabisa ilipofika kwangu. Nami nikasema, hizi zinatoka kiwandani hazijakalibretiwa, nikachukua bisibisi nikaizungusha mpaka ikasoma 7.0. Nikazipima zote mbili kwenye tangi, zikakubaliana, nikatulia moyo. Mashahidi wawili, na wote wamefundishwa na chupa moja!

Saladi za awamu ile zilikufa, na za awamu iliyofuata nusu yake. Wiki saba kwa jumla. Aliyeniokoa ni mkubwa wangu mmoja kazini, ambaye hata mita hakuishika kwanza. Alichukua maji ya tangi kwenye kichupa, akatia matone ya kipimo cha rangi, akatikisa, akaniletea bila kusema kitu. Kwa 5.8 nilitegemea manjano. Ilikuwa rangi ya chungwa. Akafungua pakiti mpya ya bafa ya 7, akaikoroga kwenye maji ya distili, akaniambia weka mita. Ikasoma 7.9. Akauliza, "Hii chupa yako uliifungua lini?" Sikuwa na tarehe ya kumpa.

Kwa hiyo: mimina kidogo, tumia, mwaga. Andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua. Kikombe cha bafa hakipimi kitu kingine maishani mwake. Na kuwa na matone ya rangi hata kama una mita tatu, kwa sababu matone hayakukalibretiwa na chupa yako.

4. Kalibreti nukta mbili, 7 kisha 4, suuza katikati. Sisi tunafanya kazi kati ya 5.5 na 6.5, hivyo bafa ya 10 haituhusu sana, tena ikiachwa wazi inanywa kabonidayoksaidi ya hewani na kushuka yenyewe. Ningefungua ile bafa ya 4 siku saladi zilipoanza kudumaa, mita ingesoma 4.9 na uongo ungekufa palepale.

Mita yako ikiwa na uwezo wa kuonyesha milivoti, zisome hizo, maana hazijui kudanganywa na kalibresheni. Probu nzima kwenye bafa ya 7 inatoa karibu na sifuri. Ikizidi 30 juu au chini, kuna jambo. Kwenye bafa ya 4.01 inatakiwa iwe juu ya hapo kwa milivoti 177 hivi, kwa nyuzi 25. Chukua tofauti uliyoipata, gawanya kwa 177, hiyo ndiyo slopu. Asilimia 95 kwenda juu, probu iko hai. Chini ya 85, isafishe. Andikeni hizo namba mbili kila mnapokalibreti, daftari la kurasa chache linatosha. Baada ya miezi mitatu utaiona probu ikishuka, wala hutashtukizwa.

Joto: kile kidude cha kusahihisha joto kinarekebisha slopu tu, hakibadilishi bafa yenyewe. Bafa ya 7.00 kwenye nyuzi 20 ni 7.02. Soma jedwali lililo kwenye chupa.

5. Safisha kabla ya kukalibreti. Kukalibreti probu chafu ni kuufundisha uchafu. Utelezi wa mwani unatoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya maji. Gamba la chumvi za virutubisho linatoka kwa kuloweka dakika chache kwenye asidi ya haidrokloriki ya molari 0.1. Baada ya hapo KCl, saa moja au zaidi, ndipo bafa. Usikwangue kwa kucha. Nimeona mtu akikwangua kwa kucha.

6. Usiamini namba ya ndani ya tangi mpaka uilinganishe na ya kwenye kikombe. Kuna wakati tulisumbuka siku mbili na tangi linalosoma 6.9 na kurukaruka, bafa ni mpya, probu ni mpya, slopu 98. Mmoja wetu akachota maji kwenye jagi, akapima mezani: 6.0, imetulia. Akarudisha probu tangini: 6.9. Tukazima pampu: 6.0. Pampu ilikuwa imepasuka waya ndani ya maji na inavujisha umeme. Yaani mita haikuwa mbovu, ilikuwa inatuonya, na sisi mikono ilikuwa humohumo tangini siku zote mbili. Ukiona tofauti ya tangi na kikombe, usiendelee kupapasa maji. Chomoa kila kitu kwenye umeme kwanza.

Na ukipima kwenye kikombe kimoja, EC kwanza kisha pH. Probu ya pH inavujisha KCl, na kwenye maji machache inaipandisha EC.

7. Kubadilisha. Probu nyingi huishi mwaka mmoja hadi miwili kwa matumizi yetu, na zile za jeli hazijazwi upya, zikiisha zimeisha. Iage ikiwa imesafishwa, imelowekwa, imekutana na bafa mpya, na bado slopu haifiki 85 au inachukua zaidi ya dakika kutulia. Balbu ikiwa na ufa hata wa unywele, usijadili. Inasoma namba moja, karibu 7, kwenye kila kitu unachoitumbukiza? Imevunjika hiyo. Mara nyingi ni probu tu inayokufa, mwili wa mita ni mzima, hivyo ukinunua mita chagua ile ambayo probu yake inachomoka. Mkononi, spea moja inatosha. Usilimbikize tano kabatini, zinazeeka hukohuko bila kuguswa. Mpya ikifika, iandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye waya wake, iloweke, na isomee bafa mbili mpya kabla hujagusa kitufe cha kalibresheni. Neno lake la kwanza lisikilize.

Ile chupa aliyokuwa anairudishia bafa yule kijana nimeimwaga. Mpya iko kwenye rafu ya juu, ina tarehe, na vikombe viwili vyeupe viko kando yake, kimoja kimeandikwa 7 na kingine 4. Hivyo vikombe naomba visiondoke hapo.