Diski Mpya, Mtikisiko Uleule

SWALI: Bwana Fundi, salaam. Usukani wa Toyota yangu ndogo hutikisika kila nikanyagapo breki, hasa nikiteremka Mazeras kuja Miritini. Niliambiwa diski za mbele zimepinda, nikanunua mpya. Miezi mitano baadaye mtikisiko umerudi. Je, niliuziwa diski mbovu? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Sidhani. Zingekuwa mbovu tangu dukani, ungelihisi siku ileile. Hata hilo neno "kupinda" hutupoteza, kwa sababu kinachotikisa usukani mara nyingi ni unene wa diski kutofautiana, na tofauti ya milimita 0.02 tu huweza kuhisiwa.

Tofauti hiyo hujengeka polepole. Diski isipokaa sawa juu ya habu (kitovu cha chuma ambacho gurudumu na diski hufungwa) huyumba, na upande mmoja hugusa pedi, yaani kile kibao kinachoibana diski, katika kila mzunguko, hata mguu wako ukiwa mbali na breki, ukaliwa kidogo kidogo mpaka miezi ikapita. Hapa Mombasa, kwa hewa yetu ya chumvi, mshukiwa wangu wa kwanza ni kutu. Muulize fundi wako: alipoing'oa diski kuukuu, alisugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, au aliivika mpya juu ya magamba ya kutu? Gamba jembamba kama ukucha linatosha kuharibu kazi yote.

Mshukiwa wa pili ni nati za gurudumu, ambazo vijana wa pancha hupenda kuzikaza kwa mashine ya upepo, moja ikakazwa kupita kiasi na nyingine ikabaki nusu, diski isikae sawa. Zikazwe kwa kukingamana, kisha zimaliziwe kwa spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukazia. Toyota nyingi ndogo hutaka nyutani-mita 103.

Moto nao una sehemu yake. Ukiteremka huku mguu umelalia breki, kisha ukasimama na kuendelea kukanyaga, pedi iliyochemka huacha utando mahali pamoja kwenye diski. Tumia gia ndogo. Pini za kalipa, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, zikikwama, utaona pedi moja imekwisha ilhali mwenzake bado nene.

Kabla ya kununua tena, diski ipimwe myumbo kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale kama wa saa) ikiwa imefungwa kwenye gari. Gari nyingi hazivumilii zaidi ya milimita 0.05 hivi. Diski ikitolewa na habu safi yenyewe ikaonekana kuyumba, basi habu ndiyo ya kubadilishwa.