Flapu hazitolewi kwa kuangalia paa la mtu

Jana usiku nimepata meseji ya kijana anayejifunza urubani, ananiuliza, "Kapteni, flapu 20 nizitoe nikifika wapi?" Flapu ni vile vibao vya nyuma ya mabawa tunavyoshusha wakati wa kutua, na hizo 20 ni digrii. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana hilo "wapi" ndilo lililoniaibisha mimi mwaka juzi.

Wacha niseme ukweli. Nilikuwa nafundisha vile nilivyofundishwa, kama mapishi ya chapati. Ukiwa sambamba na mwanzo wa ranwe, ile njia ya kutulia, toa 10, ukifika lile paa la bluu kata kona ya besi, kile kipande cha kukatisha kuelekea ranwe, toa 20, ukiingia fainali, umeielekea ranwe moja kwa moja, 30, kwisha. Wanafunzi wangu walikuwa wanasolo, yaani wanaruka peke yao, haraka kuliko wa wenzangu na mimi pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nilitembea kifua mbele, we acha tu.

Sasa mmoja wao akaenda mtihani. Siku hiyo ndege za abiria za Caravan zinarudi kutoka Masai Mara zimefuatana, mnara wa waongoza ndege ukamwambia aendelee na dauniwindi, ule upande wa kwenda sambamba na ranwe, mpaka aitwe, yeye ni namba tatu. Akaendelea, lakini 10 ameshazitoa palepale alipozoea, na alipoitwa kugeuka besi mkono ukaenda wenyewe kwenye leva, 20, akaingia fainali bado yuko mbali huko, 30. Mota ikalia ngurrr, na ile Cessna 172 ikawa kama inaburuta gunia la viazi. Ranwe mbele yake imelala bapa kama rula, yaani uko chini ndugu yangu, akasukuma throtli karibu mwisho na bado inashuka, jua la saa saba, uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, injini inahema tu. Mkaguzi akashika usukani. Mtihani ukaishia hapo.

Waliporudi, mkubwa mmoja akauliza mbele ya watu wote, kikombe cha chai mkononi, "Huyu kafundishwa na nani?" Sijasahau. Hata leo nikimwona najifanya naangalia simu. Kijana alirudia akapita, lakini ile chai bado naiona.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, na wewe mwanafunzi, sikilizeni. Flapu 10 za kwanza zinakupa zaidi kuelea, zile za mwisho zinakupa zaidi breki. Kwenye 172 tunayorukia, 10 zinaruhusiwa ukiwa chini ya noti 110 za mwendo, zilizobaki mpaka ushuke chini ya 85, ndani ya ule utepe mweupe kwenye saa ya mwendo. Lakini kuruhusiwa si kulazimishwa! Jiulize, nikizitoa sasa hivi bado nafika? Uko juu, toa. Uko chini, ziache kwanza, ongeza pawa. Mnara umekurefushia dauniwindi, ziache. Upepo unapiga ubavuni, 20 zinatosha kabisa na hakuna atakayekucheka. Zile 30 ni za mtu ambaye ana uhakika anafika, narudia, ana uhakika anafika.

Na ukighairi kutua usizikunje zote kwa mpigo. Pawa yote, rudisha mpaka 20, subiri mwendo upande na ndege ianze kupaa, ndipo 10, ndipo umalizie. Mimi nilizikunja zote mara moja nikiwa mwanafunzi, ndege ikazama chini yangu mpaka nikaona nyasi moja moja, na mwalimu wangu hakuniongelesha mpaka tumezima injini. Mnakimbilia nini? Leseni haiozi. Vijana wa siku hizi mnataka namba za kukariri, na sisi walimu tunawapa kwa sababu ni rahisi.

Sasa kijana wa meseji, swali lako nalirudisha kwako. Ukiwa juu kiasi gani, mwendo gani, upepo unatoka upande gani, na mbele yako kuna nani? Niandikie kabla ya saketi zako za Jumamosi, ile mizunguko yako ya kupaa na kutua, na usinitajie paa la mtu.