Re: Logo inakunjana nikitoa tishati kwa fremu
Dada, logo ya kudarizi kwa mashine ikikunjana ukitoa tishati kwa fremu (zile ringi mbili za kubana kitambaa), shida kubwa huwa ni kuvuta. Tishati ikinyooshwa ndani ya fremu, ukiitoa inarudi saizi yake lakini nyuzi za logo zinabaki vile zilishonwa, sasa lazima ikunjane. Legeza skrubu kwanza, tandika stabilaiza (ile shiti ya kushikilia kitambaa kisivutike kikishonwa) chini, ile ya kukatwa na makasi si ya kuchanika, tishati juu, bonyeza ringi ya ndani halafu ukaze, na ukishakaza usivute pembeni tena tafadhali! Angalia ile mistari midogo ya ufumaji, ikipinda toa uanze upya. Tumia fremu ndogo inayotosha logo, kubwa inaacha kitambaa kikicheza. Taulo nayo usiibane, itabaki na alama, bana stabilaiza peke yake, puliza gundi ya spray ubandike taulo juu.