Kabla hujaifungua kamera kwa ajili ya nebula

Kama unachotaka kupiga picha ni Kilimia, acha kamera yako ilivyo. Vumbi linalozizunguka nyota zile linaakisi mwanga wa buluu, na kamera yoyote ya dukani inauona. Tunaofungua kamera tunawinda nebula, yaani mawingu ya gesi angani, zile nyekundu za hidrojeni, kama ya Carina. Zinang'aa kwenye nanomita 656, na sehemu kubwa ya mwanga huo inaishia kwenye kioo cha rangi kilichowekwa mbele ya sensa, kipande kinachopokea picha, ili nyuso za watu zisitoke nyekundu.

Mimi nilianza na Canon 450D ya mtumba. Nawe chukua kuukuu, ambayo hata ikifa utalala usingizi.

Ndani mna vioo viwili. Cha mbele hutikisika kukung'uta vumbi, tena huzuia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Hicho usikiguse. Cha nyuma, chenye ubuluu hafifu, ndicho unachokitoa. Wageni wengi huvitoa vyote, halafu wanashangaa nyota zimevimba kama maandazi.

Sasa hatari ya flashi ya kamera. Nilitoa betri, nikaiacha kamera usiku kucha, nikaamini umeme umekwisha. Asubuhi kidole kiligusa ubao karibu na kapasita, kile kifaa kinachoihifadhia flashi umeme, nikapigwa shoti hadi bisibisi ikarukia chini ya kabati. Kapasita ile hubeba volti 300 hivi na haina haraka ya kuisha. Fundi redio wa mtaani alinicheka kwanza, ndipo akanionyesha: chukua rezista (kipunguza umeme) nene ya kilo-omu 2 yenye waya zilizovikwa plastiki, igusishe kwenye ncha zote mbili za kapasita kwa sekunde kadhaa, kisha pima kwa mita mpaka isome karibu na sifuri. Wanaoshotisha kwa bisibisi wanaunguza ubao.

Skrubu zipange kwenye trei ya mayai, kila hatua na shimo lake, maana zinafanana kwa sura lakini urefu hautoshani. Riboni, zile waya bapa, usizivute, inua kwanza kufuli yake kwa kijiti cha meno. Zile skrubu tatu za kichwa cha nyota zinazoshika sensa, kabla ya kuzilegeza zikaze taratibu hadi mwisho ukihesabu mizunguko, uandike. Ukikosea hapo sensa inakaa upande, na nyota za kona moja hazitatulia kamwe.

Kioo kikishatoka, fokasi ya kiotomatiki haiaminiki tena, na baadhi ya lenzi haziwezi tena kulenga vitu vya mbali kabisa. Kwenye darubini haikusumbui: unalenga kwa kuangalia skrini.

Puliza vumbi kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo. Mimi nilifunga kila kitu, nikapiga picha ya anga la mchana kwa f/16, yaani tundu dogo la lenzi, kukagua vumbi, nikakuta unywele wa kope yangu katikati ya picha. Nikafungua upya, nikianza na rezista.