Je, damu inaweza kutabiri siku ya kubanwa kifua?

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu ana miaka 68 na anaugua ugonjwa sugu unaoziba njia za hewa. Mwaka jana alizidiwa mara mbili, na mara ya pili akalazwa. Ndugu yangu anasema kipo kipimo cha damu kinachoonyesha mapema kwamba mgonjwa atabanwa. Je, ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kipimo cha damu cha kutaja siku au wiki atakayobanwa hakipo. Vilivyopo hukadiria tu ukubwa wa hatari. Mfano ni faibrinojeni, protini inayotengenezwa na ini, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliikubali mwaka 2015. Lakini iliikubali kwa ajili ya kuchagua washiriki wa majaribio ya dawa, si kwa kumpangia tiba mgonjwa mmoja mmoja.

Kinachomhusu zaidi baba ni eosinofili, chembe nyeupe zinazohesabiwa katika kipimo cha kawaida cha damu. Kwa mujibu wa GOLD, mwongozo wa kimataifa wa kutibu ugonjwa huu, mgonjwa anayezidiwa mara kwa mara ingawa anatumia dawa za kutanua njia za hewa, akiwa na chembe 300 au zaidi katika kila mikrolita, ana uwezekano mkubwa wa kunufaika na steroidi ya kuvuta, yaani dawa ya kupunguza uvimbe ndani ya njia za hewa. Zikiwa chini ya 100 faida huwa ndogo, ilhali hatari ya nimonia itokanayo na dawa hiyo inabaki. Hata hivyo, minyoo na mzio hupandisha hesabu hiyo, na vidonge vya prednisoloni huishusha, hivyo tabibu asiyeuliza habari hizo anaweza kujikuta akitibu minyoo kwa dawa ya kuvuta!

Utafiti wa ECLIPSE, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 2,000 kwa miaka mitatu, ulionyesha mwaka 2010 kwamba kiashiria bora cha kuzidiwa tena ni kuwahi kuzidiwa. Kwa hiyo sentensi yako kuhusu mwaka jana imenieleza hatari ya baba kuliko ambavyo maabara ingenieleza.

Mpelekeni kliniki akiwa ametulia, si katikati ya shambulio, mkiwa na tarehe alizozidiwa na dawa zake zote, kisha ombeni hesabu ya eosinofili ijadiliwe pamoja na namna anavyoitumia dawa ya kuvuta.