Gari likichemsha mlimani, anza na kifuniko cha rejeta

Ndugu yangu, unasema Toyota Corolla 110 yako inazunguka Kisumu siku nzima bila taabu, ila ukishapita Kericho kuja huku Nakuru geji ya joto inapanda, na fundi ameshatangaza kwamba gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) imeungua. Usimruhusu afungue injini bado.

Yangu ilinifanyia hivyo hivyo, Corolla 110 kama yako, kila nikiipandisha Timboroa kwenda Eldoret. Fundi wa kwanza alitoa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akaitupa. (Huu ugonjwa wa kutupa themostati sijui mafundi wetu waliutoa wapi.) Injini ikawa inakawia kupata moto asubuhi, petroli ikaenda mbio, na mlimani ikachemsha vile vile. Fundi wa pili akataka kushusha hedi.

Chupa ya akiba, ile inayopokea maji yanayofurika kutoka kwenye rejeta, ndiyo iliyonifumbua macho. Asubuhi moja, injini baridi, niliikuta imejaa hadi shingoni, ilhali ndani ya rejeta maji yameshuka mpaka vijibomba vinaonekana. Yaani yanatoka, hayarudi. Nikageuza kifuniko: mpira wa chini umekauka, nikiukwaruza kwa ukucha unamomonyoka kama ukoko. Juu kimeandikwa 0.9, yaani presha ya bar 0.9 kinayopaswa kushika, lakini presha hakishiki hata kidogo. Presha ndiyo inayochelewesha maji kuchemka; bila hiyo huchemka karibu nyuzi 94 hapa Nakuru. Kule Timboroa, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, ni kama 91. Kifuniko kizima huongeza nyuzi 20 hivi. Huko kwenu ziwani ni chini zaidi na maji huchelewa kuchemka, ndiyo sababu gari linakustahimilia.

Nikanunua kipya chenye namba ile ile, shilingi 600, nikarudisha themostati, nikamwaga yale maji ya bomba yaliyojaa kutu nikatia kulanti, maji maalumu ya kupoza injini. Safari iliyofuata sindano ya geji haikuvuka nusu.

Gasketi nayo ina dalili zake: oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe usiokoma, mapovu yanayopanda kwenye rejeta injini ikinguruma. Ukiona mojawapo, msikilize fundi wako. Usipoona, anza na hicho kifuniko. Feni itazame pia, ingawa feni mbovu kwa kawaida hukuumbua kwenye foleni, si gari likiwa mwendoni.

Na kifuniko usikifungue injini ikiwa moto. Mimi kovu la mkononi nililipatia Burnt Forest, njia hiyo hiyo ya Eldoret.